Sura ya Nne: Kokwa Halitoi Ahadi

Nyumba nyingi nilizowahi kulala, kutoka Tanga hadi Njombe, zina kopo la rangi au la maziwa ya unga lililotobolewa chini, na ndani yake mche wa parachichi. Ulianza na tunda. Mtu alikula, akafumba macho, akasema, "Hili lazima nilipande." Mche hupendeza. Majani yake hung'aa, shina hunyooka, watoto huumwagilia wakitoka shule. Baada ya miaka saba au minane, pengine zaidi, unazaa, na mara nyingi unazaa kitu kingine kabisa: tunda lenye nyuzi, au lenye maji mengi, au lenye kokwa kama ngumi na nyama nyembamba ya kupaka kipande kimoja cha mkate. Mwenye mti hulaumu udongo. Wengine humlaumu jirani mwenye jicho baya. Udongo hauna kosa, wala jirani.

Kama kuna wa kulaumiwa, ni methali. Tumelelewa tukisikia kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, na ni kweli tupu: mtoto wa mparachichi ni mparachichi. Methali haikusema ni mparachichi wa aina gani.

Mwaka 1926 huko California, mpeleka barua mmoja wa posta aitwaye Rudolph Hass alinunua makokwa ya parachichi akayapanda kwenye shamba lake dogo la La Habra Heights. Hakuwa na haja na matunda yake. Alitaka miche hiyo iwe miguu tu, juu yake aibebeshe Fuerte, aina iliyotamba sokoni wakati ule. Mche mmoja ulikataa. Kila kikonyo, yaani kijitawi cha kubebesha, cha Fuerte kilichofungwa juu yake kilikauka. Hass akataka kuuondoa, akashauriwa auache ukue wenyewe. Ukazaa matunda yenye ngozi ya vipele, ngozi inayogeuka nyeusi yakiiva, rangi ambayo wanunuzi wa zama zile waliiona ni ya tunda lililooza. Lakini watoto wa nyumba ile walipoyaonja, hamu ya Fuerte iliwaisha. Mwaka 1935 Hass aliuandikishia mti wake hataza.

Leo mkulima wa Njombe, Rungwe au Murang'a anayesafirisha parachichi nje ya nchi, kwa sehemu kubwa anasafirisha Hass. Na miti yake si wajukuu wala vitukuu wa mti ule wa mpeleka barua. Ni mti ule ule. Tawi lilikatwa, likabebeshwa kwenye mguu wa mche mwingine, likakua, likakatwa tena, likavuka bahari. Karibu miaka mia moja sasa tawi hilo linakatwa na kuungwa, na halijawahi kuzaliwa upya hata mara moja. Ukila Hass leo jioni, unakula tunda la mti ulioota mwaka 1926.

Basi miti ina njia mbili za kuendelea kuwepo: kuzaa kwa mbegu, na kuendelea kwa kipande cha mwili wake. Vitabu vya shule huziita uzazi wa kijinsia na uzazi usio wa kijinsia, maneno sahihi lakini makavu kama biskuti za safari. Ni heri tuanze na ua.

Ua la parachichi ni dogo, la rangi ya kijani hafifu, na lina sehemu zote mbili ndani yake, ya kike na ya kiume. Mtu angedhani kazi imekwisha hapo, baba na mama wanaishi chumba kimoja. Sivyo. Ua la Hass hufunguka asubuhi likiwa la kike: sehemu inayopokea chavua iko tayari, lakini chavua yake lenyewe bado haijaachiliwa. Mchana linafumba. Kesho yake alasiri linafunguka tena, na safari hii ni la kiume, linamwaga chavua wakati sehemu ya kike imekwisha kufunga duka. Fuerte hufanya kinyume chake, kike alasiri na kiume asubuhi inayofuata. Saa za Hass na saa za Fuerte zinapishana kama zamu za walinzi, na nyuki ndiye anayepeleka salamu kati yao. Ndiyo maana wakulima wengi huchomeka miti michache ya Fuerte katikati ya Hass, hata kama Fuerte haiwapi bei nzuri, na wenye mizinga hawana haja ya kuelezwa.

Kwa nini mti ujisumbue hivyo? Kwa sababu mti unaojioa wenyewe huzaa watoto wanaofanana mno, na udhaifu uliojificha ndani ya nasaba hupata nafasi ya kujitokeza. Chavua ya mti mwingine inaleta nusu ya jeni, yai la mama linaleta nusu nyingine, na nusu hizo zenyewe zimechanganywa upya kama karata kabla ya kugawiwa. Hakuna makokwa mawili ya namna hiyo yaliyopata mkono uleule wa karata.

Hapa pana jambo ambalo wengi wetu huliruka. Nyama ya tunda ni mwili wa mama. Imeota kutoka kwenye ukuta wa ovari yake, ina jeni zake yeye tu, na ladha yake ni ladha yake. Kokwa ndilo mtoto. Kwa hiyo ulipokula parachichi lile tamu ukafumba macho, ulimwonja mama. Ulichofukia kwenye kopo ni mtoto, na baba yake hukumwona.

Mpapai ni mti usio na siri za saa. Wenyewe umegawana jinsia hadharani. Mpapai dume hutoa maua mengi madogo kwenye mashada marefu yanayoning'inia kama hereni. Jike hutoa maua makubwa machache yaliyobana kwenye shina. Kuna na wa tatu, huntha, mwenye ua lililobeba vyote viwili, na huyo ndiye anayezaa yale mapapai marefu yanayopendwa sokoni. Jike huzaa ya mviringo. Ukikuta papai na mbegu zake nyeusi zimejaa, huwezi kwa macho kujua ipi ni ipi, na mche nao hausemi mpaka uchanue, miezi kadhaa baada ya kupandwa.

Ila hesabu yake inajulikana. Mbegu za jike lililopata chavua ya dume hugawanyika nusu kwa nusu: nusu majike, nusu madume. Mbegu za huntha aliyejichavusha mwenyewe hutoka huntha wawili kwa kila jike mmoja, na madume hakuna. Ilitakiwa kuwe na fungu la nne pia, lenye kromosomu ya kiume kutoka pande zote mbili, lakini kiinitete cha namna hiyo hufa ndani ya mbegu. Ndiyo sababu fundi wa mapapai huweka miche mitatu katika shimo moja, husubiri maua, kisha hung'oa isiyotakiwa. Anayepanda mmoja mmoja anacheza bahati nasibu na mbolea yake.

Bibi yangu alikuwa na dawa yake ya mpapai dume. Alichukua msumari wa inchi nne akaupigilia shinani. "Huu unaringa," aliniambia, "ngoja ujue kuna wenye nyumba." Miezi iliyofuata, kwenye moja ya yale mashada ya hereni, kilining'inia kipapai kidogo chembamba, na bibi akakionyesha kwa kila mgeni. Nilipokuja kusoma nikajua kwamba msumari haukubadilisha kromosomu hata moja. Mipapai dume mingine, hali ya hewa ikibadilika, hutoa maua machache yenye ovari inayofanya kazi, na maua hayo huzaa. Kama ulikuwa umepigilia msumari karibu na majira hayo, sifa zote huchukuliwa na msumari. Sikumwambia bibi. Papai lenyewe lilikuwa chungu.

Mnazi hauna njia ya pili. Ukikata tawi la mnazi ukalichomeka ardhini, umechomeka kuti. Hauna matawi, hauna machipukizi pembeni, una kilele kimoja tu, na kilele kikifa mnazi umekufa. Huwezi kuubebesha wala kuupanda kwa pingili. Kila mnazi mrefu unaouona kutoka Lamu hadi Mtwara ulizaliwa, ukiwa na baba na mama, kutoka kwenye nazi.

Watu wa pwani walilijua jambo hili kiasi cha kuipa kila hatua jina lake. Karara hupasuka, upunga unatoka. Kwenye upunga, maua ya kiume ni maelfu, yamejipanga hadi nchani mwa kila uzi. Maua ya kike ni machache, ya mviringo, yamekaa chini karibu na shina la shada. Kwa minazi mirefu, ya kiume hutangulia kufunguka na kudondoka kwa muda wa wiki mbili tatu, na ya kike hupokea chavua baadaye, wakati ndugu zao wa shada lile wamekwisha kupukutika. Kwa hiyo chavua inapaswa kutoka mnazi mwingine, ikiletwa na nyuki au upepo. Likishika, linakuwa kidaka, halafu kitale, halafu dafu, halafu koroma, hatimaye nazi, safari ya karibu mwaka mzima. Na nazi ikiachwa chini ikaanza kuchipua, ndani yake panaota joya, lile donge laini kama sifongo ambalo watoto huligombania. Wachache wanaolila wanajua wanakula nini. Joya ni kiungo cha kiinitete, mdomo wa mnazi mchanga unaonyonya akiba aliyowekewa na mama.

Njia moja tu ya kuzaa inaonekana ni hasara, hasa kwa mkulima anayetaka shamba la minazi inayolingana kama askari wa gwaride. Lakini tazama kilichotokea kwenye pwani ya Tanzania. Kuna ugonjwa unaoua minazi huko: vidaka na nazi changa hudondoka, makuti yanageuka manjano, mwishowe kilele chote huanguka ikabaki nguzo. Mpango wa Taifa wa Kuendeleza Minazi ulipoanzishwa mwaka 1979, watafiti waliingiza aina na chotara kutoka nje, zenye sifa nzuri za kuzaa, wakazipanda kwenye maeneo ya ugonjwa. Zikafa kwa wingi. Baadhi ya minazi mirefu ya kienyeji, ya sehemu fulani za pwani hiyo hiyo, ikastahimili zaidi. Haikupewa dawa. Vizazi kwa vizazi vya chavua ya huku na upunga wa kule viliacha minazi isiyofanana, na katika isiyofanana hapakosi wa kubaki.

Sasa njoo kwa mmea ulioleta njia zote mbili kwa mkulima, na zote mbili anazifanya kwa mikono yake. Vanila ni mtambaa wa msituni wa Mexico na nchi jirani zake. Kuipanda ni rahisi: unakata kipande cha mtambaa chenye vifundo kadhaa, unakiegemeza kwenye mti wa kukipa kivuli, kinashika. Ndivyo ilivyofika kisiwa cha Réunion, wakati ule kikiitwa Bourbon, miaka ya 1820. Mitambaa ikashamiri, ikachanua, na haikuzaa. Mwaka baada ya mwaka, maua mazuri ya kijani na manjano, na hakuna ganda hata moja. Wadudu waliokuwa wakiichavusha walibaki Mexico.

Ua la vanila limejifunga lenyewe. Kati ya chavua na sehemu ya kike pana kiutando kidogo, kama pazia la mlango, kinachozuia hizo mbili kukutana. Mwaka 1836 mtaalamu wa mimea wa Ubelgiji, Charles Morren, alifanikiwa kuchavusha vanila kwa mkono katika bustani ya Liège, lakini njia yake haikufaa shambani. Kisha mwaka 1841, huko Bourbon, mtoto mtumwa wa miaka 12 aitwaye Edmond alichukua kijiti chembamba, akainua kile kipazia, na kwa dole gumba akasukuma chavua ikagusa panapotakiwa. Ilichukua sekunde chache. Bwana wake, Ferréol Bellier-Beaumont, alipokuta maganda mawili kwenye mtambaa ambao haukuwahi kuzaa, hakuamini kwanza. Baadaye Edmond alipelekwa shamba kwa shamba awafundishe wengine.

Utumwa ulipofutwa kisiwani mwaka 1848, Edmond akapata uhuru na jina la ukoo, Albius. Utajiri wa vanila ulikwenda kwa wenye mashamba. Mtaalamu mmoja wa Kifaransa hata alidai kwamba yeye ndiye aliyemfundisha kijana, na Bellier-Beaumont akasimama kumtetea Edmond kwa barua. Albius alifariki mwaka 1880, maskini. Mkulima wa Kagera, wa Uganda, wa Ngazija au wa Madagaska anayeamka alfajiri msimu wa maua, akapita mtambaa kwa mtambaa na kijiti chake, anafanya kitendo kilekile cha mtoto yule. Ua hufunguka siku moja tu. Akichelewa mpaka jioni, limenyauka. Ganda lenyewe litakomaa baada ya miezi kama tisa, na hesabu hiyo wanawake wanaochavusha hawakosi kuitania.

Nimesema kokwa halitoi ahadi. Sasa nitajikosoa, maana embe limenifanya niseme kweli nusu.

Ukichukua kokwa la embe, ukapasua ganda lake gumu ukaliotesha, wakati mwingine hutoka chipukizi moja. Wakati mwingine hutoka tatu, nne, zimesongamana kama vifaranga. Maembe ya asili ya India kwa kawaida hutoa moja, na hiyo ni mtoto halisi wa baba na mama. Maembe mengi ya asili ya Asia ya Kusini-Mashariki hutoa nyingi, na nyingi kati ya hizo hazikuzaliwa na chavua yoyote. Zimeota kutoka kwenye tishu za mama ndani ya mbegu, mama akijinakili mwenyewe na kujivika vazi la mtoto. Yule mtoto halisi, kama yumo, mara nyingi ndiye dhaifu, na wenzake humsonga. Michungwa na midimu hufanya hivyo hivyo. Kwa hiyo wapo watu ambao walipanda kokwa la embe la kienyeji likawazalia embe lilelile la babu, na wanapomsikia bwana shamba akisema mbegu haifuati mama, wanatabasamu. Wote wawili wana haki. Wanazungumzia makokwa mawili tofauti.

Mtaalamu wa mimea angesema mbegu hiyo ni ya uongo. Mimi naiona ni mti mwenye busara ya mfanyabiashara: faida za mbegu anazo, kusafiri na kusubiri mvua, na hatari ya kubahatisha hakuitaka.

Ila hakuna aliyeikimbia mbegu kama mgomba. Najua mtaalamu atanikosoa kwamba mgomba si mti, shina lake ni makumba yaliyofungana na shina la kweli limo ardhini. Sawa. Lakini aliyepanda mgomba anajua hana haja ya mbegu. Unachimba chipukizi pembeni mwa mama, lile lenye majani membamba kama upanga, unalipeleka shimo jingine. Ndizi yenyewe, ukiikata, ina vidoti vyeusi katikati. Ni mbegu ambazo hazikuwa. Migomba ya mwitu ya Asia ya Kusini-Mashariki ina mbegu ngumu za kuvunja jino, na nyama kidogo. Watu wa kale walipokuta mgomba unaojaza tunda bila kuchavushwa, wakahamisha machipukizi yake, na wakaendelea kuchagua. Migomba mingi ambayo tunakula ndizi zake ina seti tatu za kromosomu badala ya mbili, 33 kwa jumla, na tatu haigawanyiki kwa wawili. Yai na chavua zinaposhindwa kugawana sawasawa, mbegu haishiki.

Zile ndizi za kupika za nyanda za juu, matoke ya Uganda, za Bukoba, za Rwanda na Burundi, zina majina mengi kuliko mtaa wenye wageni. Mkulima hutofautisha moja na nyingine kwa rangi ya shina, mkao wa mkungu, ladha chunguni. Watafiti walipochunguza jeni zake walikuta karibu zote ni kitu kimoja. Inaonekana zote zilitoka kwenye mgomba mmoja wa kale, uliogawanywa chipukizi kwa chipukizi kwa karne nyingi, na tofauti tunazoziona ni mabadiliko madogo yaliyojitokeza kwenye mwili wa mgomba, mkulima akayaona, akayapenda, akayapa jina. Nalisoma hilo kwa mshangao na kwa hofu kidogo.

Hofu ina sababu. Ndizi ya biashara ya nusu ya kwanza ya karne iliyopita ilikuwa Gros Michel, ile ambayo Waganda huiita bogoya. Mashamba makubwa ya Amerika ya Kati yalijaa machipukizi yake. Kuvu wa udongoni anayesababisha mnyauko wa Panama alipoufungua mgomba mmoja, alikuwa amepata ufunguo wa shamba zima, maana kufuli zote zilikuwa zilezile. Kufikia miaka ya 1960 kampuni za ndizi zilikuwa zimehamia Cavendish, aina nyingine isiyo na mbegu, nayo ikapandwa kila mahali kwa namna ileile. Sasa imejitokeza jamii nyingine ya kuvu huyo, iitwayo TR4, inayoua hata Cavendish. Mwaka 2013 ilitangazwa kuonekana kaskazini mwa Msumbiji, majirani zetu wa kusini. Kuvu huyo hukaa udongoni miongo mingi, na hubebwa kwa tope la kiatu.

Kwa migomba ya Maziwa Makuu, pigo lilikuja kwa bakteria. Mnyauko wa migomba ulionekana Uganda mwaka 2001, baadaye ukavuka hadi Kagera. Unaenea kwa panga lisilosafishwa, kwa machipukizi kutoka shamba lenye ugonjwa, na kwa wadudu wanaotembelea lile ua dume linaloning'inia nchani mwa mkungu. Ona kejeli yake: mmea usiohitaji tena chavua unaletewa kifo kupitia ua la kiume ambalo halimsaidii mkulima kitu. Mojawapo ya kinga rahisi ni kulivunja ua hilo mapema, mara chana la mwisho linapotokea, kwa kijiti chenye panda, si kwa panga.

Na tiba ya mbali zaidi? Ngono, nitasema waziwazi, kwa mmea ulioisahau. Watafiti wa Uganda na wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, IITA, waligundua kwamba baadhi ya migomba ya matoke bado inaweza kutoa mbegu chache sana ikichavushwa kwa mkono na chavua ya mgomba wa mwitu. Wanapanda ngazi alfajiri, wanapaka chavua ua kwa ua, wanafunika kwa mfuko, na mkungu ukikomaa wanaivisha na kuponda ndizi wakitafuta mbegu, halafu wanavilea viinitete kwenye chupa maabara. Ni kazi ya miaka mingi kwa kila chotara. Kutoka humo zilitoka aina zinazoitwa NARITA, na mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha nne kati yake kwa jina la TARIBAN. Na mara zinapopatikana, zinasambazwa vipi kwa mkulima? Kwa machipukizi.

Nawasikia wasomaji wenye shamba wakiuliza: sasa nipande lipi? Kwa shamba la kuuza, nunua mche uliobebeshwa, na uliza kikonyo kilitoka mti gani. Huwezi kumweleza mnunuzi wa korosho au wa machungwa ya Muheza habari za karata. Lakini acha kona ya makokwa. Hass lilikuwa kokwa la bahati ambalo karibu ling'olewe.

Kubebesha si uchawi, ingawa mafundi wengine hupenda kuifanya kazi hiyo ionekane hivyo. Unaotesha kokwa la embe la kienyeji mpaka shina lifike unene wa penseli. Unakata kichwa chake, unapasua katikati kidogo. Kikonyo, cha unene uleule, unakichonga ncha kama kabari, unakichomeka kwenye ule mpasuko. Cha muhimu ni ule utando wa kijani ulio chini ya ganda: wa kikonyo na wa mche lazima zigusane, angalau upande mmoja. Funga kwa utepe wa plastiki, funika kwa mfuko mwembamba ule wa kufungia barafu, weka kivulini. Baada ya wiki tatu au nne, macho yakifunguka kijani, umefaulu. Wa kwanza wanaokufa wasikukatishe tamaa. Yangu ilikufa saba.

Nina ombi moja kwa aliyefika hapa. Mijini na vijijini miembe ya zamani inakatwa kupisha kuta na barabara, miti isiyo na jina kitabuni lakini kila mtoto wa mtaa anaijua ladha yake. Mti wa Hass wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa kuoza mizizi, na haikuwa hasara kwa mlaji yeyote, kwa kuwa matawi yake yalikuwa yamekwisha kusambaa duniani. Mwembe wa bibi yako hauna bahati hiyo. Ukisikia unakatwa, tangulia siku moja. Kata vikonyo kumi, pukutisha majani, vifunge kwenye kitambaa kibichi, na uvifikishe kitaluni kabla jua halijazama.